Kikao cha umeme Jumamosi

Wanakikundi, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisi ya kata, watu wa umeme wanakuja kutusikiliza. Tusiende kupiga kelele tu, tafadhali. Umeme wetu Mtwara umetegemea gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982 hapo Msimbati. Bomba la kwenda Dar limeanza kazi 2015. Basi swali langu la kwanza: mashine ya kufua umeme ikizimwa kwa matengenezo, kwa nini tusitangaziwe mapema? Wauza samaki wa Feri barafu inawayeyukia, changu wanauzwa bei ya kutupa. La pili, ushuru wa huduma, ule wa mapato ya gesi unaoingia halmashauri, umejenga nini? Hilo tumuulize diwani. Mnaodai nguzo za umeme mlizolipia njooni na risiti.