Hita ya gesi ikijizima yenyewe msibishane nayo

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, mi siyo fundi gesi wala nini, ni mtu tu ambaye nusura amalize familia yake kwa hita, na kila baridi ikianza nasikia watu wanaongea yaleyale niliyokuwa naongea mimi kabla ya ule usiku, ndo maana nimeona niandike.

Ilikuwa hivi. Tuna hita ndogo ya kubeba, hizi za mtungi wa propani, mbele ina kigae kinachowaka mpaka kinakuwa chekundu. Siku hiyo baridi ilikuwa siyo ya mchezo, tukajazana watu watano chumba kimoja, madirisha tumefunga na taulo tumelisokomeza chini ya mlango joto lisitoke, tukajiona wajanja kweli. Baada ya kama saa moja na nusu hita ikazima. Nikawasha. Ikakaa dakika mbili tatu, tak, ikazima tena. Mtungi nikautikisa, gesi imo. Shemeji yangu ambaye ana ule ugonjwa wa kufungua kila chenye skrubu akasema huu ugonjwa naujua, kuna sensa hapo mbele, kile kidude cha kuhisi, imechoka, vitu vya siku hizi wanaviwekea mbwembwe nyingi, niletee bisibisi niiruke hiyo sensa uone kama haitawaka mpaka asubuhi. Na mimi mtu mzima nikainuka kwenda kutafuta bisibisi!

Bahati yetu bisibisi ilikuwa kwenye gari. Nilivyotoka nje ile hewa ya baridi ikanipiga usoni, nikasimama pale kidogo, ndo nikashtuka kwamba kumbe kichwa kilikuwa kinanigonga muda mrefu na sikuwa nimetilia maanani. Na miguu mizito kama nimebeba magunia. Nikarudi ndani nikawaangalia wenzangu, mdogo wa mwisho analalamika tumbo linamchafuka, mama watoto anasema yeye ana usingizi tu tumwache. Saa mbili usiku, mtu ambaye huwa halali kabla ya saa tano. Sikujua ni nini ila nilijua hii siyo kawaida, nikawatoa wote nje na mablanketi yao, shemeji analalamika njia nzima, na usiku uleule tukaenda kuangaliwa na daktari. Huko ndo tulipoambiwa habari ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotokana na moto unaoungua vibaya.

Sasa kuhusu ile sensa, kwa sababu hapa ndo penyewe. Nilikuja kuelezwa na fundi na nikaona kwa macho yangu. Ndani ya hita kuna kamwali kadogo ka kuwashia, na mbele ya hako kamwali kuna kafimbo ka chuma. Kafimbo kakipata moto kanatengeneza umeme kidogo sana, na huo umeme ndo unaoshika valvu ya gesi ibaki wazi, ndo maana ukiwasha unaambiwa ushikilie kitufe nusu dakika hivi, unasubiri kafimbo kapate joto. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, ikianza kushuka kuelekea 18 ule mwali haukai tena pale pale, unainuka, unaacha kafimbo, kafimbo kanapoa, valvu inajifunga. Basi. Kwa hiyo hita yetu haikuwa mbovu hata kidogo, ilikuwa inatwambia humu ndani hewa imekwisha, na sisi tunaitafutia bisibisi.

Ni kweli inaweza kuzimazima kwa sababu nyingine, vumbi na utando wa buibui kwenye kitundu cha mwali, au uko mlimani juu sana kuanzia mita 2,000 kwenda juu ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Lakini hata hapo dawa siyo kuiruka sensa. Na msije mkajidanganya upande wa pili pia, kwamba ina sensa basi tulale. Ile sensa inaangalia oksijeni tu, kaboni monoksaidi haiijui, hita chafu inayoungua vibaya inaweza kutoa hiyo sumu wakati oksijeni bado ipo ya kutosha. Kwa hilo kuna alamu yake ndogo ya betri ya kuweka chumbani, mi sasa hivi bila hiyo hita siwashi.

Maana tatizo la hii sumu ni kwamba haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Watu wanachanganya hapa sana, wanasema gesi si inanuka, ikivuja nitasikia. Inayonuka ni gesi yenyewe kabla haijaungua, na hata hiyo kwa asili haina harufu, wameitia dawa ya kunuka makusudi ili uisikie. Kaboni monoksaidi inatokea baada ya kuungua na hakuna aliyeitia chochote. Inaingia kwenye damu inashika pale pale ambapo oksijeni ingeshika, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200, kwa hiyo unapumua vizuri tu lakini mwili haupati kitu. Dalili zake zinafanana na mafua makali, kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, ila hakuna homa, halafu inawapata wote mliomo ndani kwa mpigo mmoja na mkitoka nje mnapata nafuu. Kibaya zaidi inachukua akili kwanza. Mimi ninayeandika hapa nilikuwa nimekaa naumwa kichwa na nikaona jambo la maana ni bisibisi.

Kwa hiyo fungua dirisha. Najua mtasema sasa faida ya hita iko wapi kama nafungua dirisha, hata mi nilisema hivyohivyo. Siyo ulifungue lote, sentimita chache, na upande wa pili pawe na upenyo mwingine hewa ipite, ukiweza mmoja juu mmoja chini. Kitu kimoja kitakusaidia kujua, angalia vioo. Kilo moja ya propani ikiungua inatoa maji zaidi ya kilo moja na nusu, ni mvuke huo, unaenda kuganda kwenye vioo. Kwetu usiku ule maji yalikuwa yanatiririka dirishani mpaka mtoto anachora katuni kwa kidole, tukaona burudani. Kumbe kama mvuke umekosa pa kutokea na moshi wake umekosa vilevile.

Na msilale nayo inawaka. Pasha chumba, zima, funga na mtungini, ndo ulale. Na kabla ya yote soma kibandiko, kuna hita zimetengenezwa kwa ajili ya nje tu, hizo hazina sensa kabisa, ukiingiza ndani ni kwamba umejiuza mwenyewe.

Mengine mengi mnayajua, nisiwachoshe, hita ikae mita moja mbali na pazia, kitanda na nguo, na isigeuzwe kamba ya kuanikia soksi. Ila la kuvuja niliseme maana nimeona mtu anapima kwa kiberiti. Jamani! Povu la sabuni, paka kwenye maungio na kwenye mpira, fungua gesi hita ikiwa haijawashwa, mapovu yakivimba panavuja. Propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni inajaa chini kama maji, na ikifika asilimia 2 tu ya hewa inatosha kulipuka, kwa hiyo ukisikia harufu usiguse swichi ya taa hata ya kuzima, funga mtungi kama unaufikia, acha mlango wazi na mtoke. Mtungi usimame wima siku zote, ukiulaza gesi inakuja ikiwa bado kimiminika badala ya mvuke na moto unaruka hovyo. Ukiona umeota barafu kwa nje ujue unavuta gesi kwa kasi kuliko mtungi unavyoweza kutoa, punguza moto. Shemeji aliwahi kupendekeza tuusogeze karibu na hita upate joto. Ndiyo, huyo huyo.

Tangu siku hiyo hita tunayo bado na tunaitumia, ila dirisha liko wazi kidogo na alamu iko ukutani. Shemeji akija anakaa upande wa dirisha kwa lazima, na koti lake, ananung'unika kwamba tunapasha joto uwanja mzima. Bisibisi nimezihamisha zote na mahali zilipo hajaambiwa.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.