Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: njoo uione nguzo ya tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam, na pole kwa majukumu. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza zina mhuri wa masjala yako, kwa hiyo zilipokelewa. Kama zilisomwa, wewe ndiye ujuaye. Hii naiweka hadharani kwa sababu Jumanne usiku kipande cha zege kilibanduka kwenye nguzo ya tatu ya ghorofa tunamopanga kikaangukia karai la vitumbua la mke wangu. Karai limebonyea. Mjukuu wangu hulala hatua mbili kutoka pale.

Mimi si mhandisi. Nimesuka nondo miaka 31 mpaka mgongo ukakataa. Nilimulika kwa tochi ya simu nikakiona nilichokuwa nakihofia: nondo za milimita 12, na ringi zimeachana zaidi ya futi moja. Ringi ndiyo mkanda wa nguzo. Zikiachana hivyo, nondo za wima zikilemewa hufumuka kwenda nje na zege linapasuka tumbo. Na nguzo haina ustaarabu wa boriti. Boriti huinama kwanza, ikaweka nyufa, ukapata muda wa kutoa godoro. Nguzo ikikatika imekatika.

Mzigo wake nao hauendi likizo, Mheshimiwa. Unahamia nguzo za jirani. Hizo zikishindwa, sakafu ya juu inaishukia ya chini, ambayo haikujengwa ili idake ghorofa linaloporomoka, basi zinalaliana kama chapati. Kariakoo tuliona, Novemba 16, 2024: ghorofa nne, waokoaji wakichimba siku kadhaa, na watu zaidi ya 20 wakatolewa wamekufa. Na kabla ya hapo Ijumaa Kuu ya 2013, mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa. Wakafa watu 36. Kila mara viongozi walifika wakiwa wamevaa helmeti.

Sasa letu. Fundi aliyechimba msingi, rafiki yangu, aliambiwa ni wa ghorofa tatu. Leo ziko tano, na mirunda ya ghorofa ya sita imeshasimama. Bango la mkandarasi halipo. Juu ya paa kuna matangi manne ya lita 5,000. Lita moja ni kilo moja, hesabu umalizie mwenyewe. Huku chini ukuta umevunjwa ili pawe na fremu za maduka, na nguzo ya tatu, hiyo hiyo, imechongwa ubavuni ili geti la kukunja lipite. Nadhani pia bomba la choo cha juu linalovuja limeshakula nondo kwa kutu. Hilo ni la kukisia, sina maabara. Ofisi yako inayo.

Watu wako walikuja Februari wakachora X nyekundu. Ukasema kwenye mkutano wa hadhara, tulikuwapo na tulipiga makofi, kwamba ndani ya siku 14 jengo litakaguliwa. Mwezi uliofuata mwenye nyumba akaipaka X rangi ya krimu. Rangi nzuri, nakiri. Nilipomuuliza kuhusu ufa akajibu ni plasta tu, na anayeogopa ahame. Nihame na nini? Kodi ya miezi 6 ameshaichukua, na mtaji wetu ni hilo karai.

Najua utaniambia kuna taratibu. Mtaa wa Huruma, kule Nairobi, jengo lililoua watu wengi Aprili 2016 lilikuwa tayari limewekewa alama ya kubomolewa. Alama haikuzuia kitu. Hata Bangladesh, mwaka 2013, nyufa za Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo, zilionekana siku moja kabla, mafundi cherehani wakarudishwa kazini kesho yake, na wakafa 1,134.

Sikuombi tume. Sikuombi semina wala fidia, wala sitaki mtu afungwe. Nakuomba mhandisi mmoja, nyundo, tochi na nusu saa. Aigonge nguzo ya tatu, asikilize inavyolia. Akisema ni nzima, nitakuja ofisini kukuomba radhi mbele ya watumishi wako wote. Akisema si nzima, zege la ghorofa ya sita lisimwagwe. Kokoto zimeletwa jana, malori mawili. Wanamwaga Jumamosi.

Mhandisi mmoja tu, Mheshimiwa. Kabla ya Jumamosi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, chumba namba 4, chini