Niulizie kwa Yule Mzee wa Louisiana

Ndugu yangu Baba Rehema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi tu wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Shemeji na watoto wasalimie sana, na Mama Mkubwa anasema ule mzigo umefika salama. Najua nimekaa kimya muda mrefu, lakini kilichonikalisha kitako usiku huu ni jambo ulilolitaja kwenye simu kana kwamba si kitu: kwamba hapo kazini kwako Houston yupo mzee mzaliwa wa Louisiana, ambaye ujanani alikuwa akienda kumtazama yule mwanamieleka Junkyard Dog. Ulipokwisha kusema hivyo ukaanza kunieleza bei za magari. Ndugu yangu, jambo kama hilo hutajwa na kuachwa njiani?

Sisi yule bwana tulimjua kupitia kanda za kukodi, akiwa amekwisha kuhamia kwa Vince McMahon, mwenye kampuni ya mieleka ya WWF, akicheza dansi na watoto katikati ya ulingo, na wewe ukawa unamcheka kwamba ni mcheza ngoma aliyepotea njia. Siku hizi nimekuwa nikifuatilia upya mapambano yake ya kabla ya hapo, ya enzi ambayo mieleka ya Marekani ilikuwa imegawanywa kwa maeneo, kila promota na majimbo yake, na haikuwa adabu kumwingilia mwenzako. Bill Watts alikuwa akiendesha Mid-South, yaani Louisiana, Mississippi, Oklahoma na Arkansas, na nyota wake mkuu alikuwa huyo huyo Junkyard Dog, jina lake halisi Sylvester Ritter, mtu mweusi, kwenye majimbo ya Kusini, mwaka 1980, wakati sheria iliyopiga marufuku ubaguzi kwenye kumbi za umma ilikuwa na umri wa miaka 16 tu. Nadhani hilo tulilipita haraka mno tulipokuwa wadogo.

Pambano ninalokusudia ni la tarehe 2 Agosti 1980, ndani ya Superdome, ule uwanja mkubwa wenye paa wa New Orleans, dhidi ya Michael Hayes wa lile kundi la Freebirds. Wiki nyingi kabla ya siku hiyo, Freebirds walikuwa wamemmwagia krimu ya kuondolea nywele machoni, na watazamaji wakaambiwa kwamba amepofuka. Tena mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo habari iliyoenea ni kwamba mtu huyu hatamwona mwanawe maishani. Mtoto alikuwa wa kweli, upofu ndio uliokuwa wa kutungwa. Na kwa kuwa kunga za kazi zilikuwa kunga, mwanamieleka wa zama zile hakuvua uhusika wake alipotoka ulingoni, bali aliubeba hadi dukani na kituo cha mafuta, na wema na wabaya hawakuthubutu kuonekana ndani ya gari moja.

Sasa tazama jinsi walivyolifumbua fumbo lao wenyewe: kipofu atapiganaje? Wakawaingiza wote wawili katika kizimba cha chuma, wakamvisha kila mmoja kola ya mbwa shingoni, na kati ya kola mbili wakaunganisha mnyororo, ili Junkyard Dog asihitaji macho kumpata adui yake. Akitaka kujua Hayes yuko wapi, avute tu. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na bado naona kwamba aliyelibuni alikuwa mtunzi hodari kuliko wengi wanaoandika tamthilia. Utaniambia kwamba kwa ufundi wa mieleka hapakuwa na la maana, nami sitabishana. Watu hawakwenda Superdome kutazama ufundi. Walikwenda kwa sababu ya zile wiki za kusubiri, na steringi alishinda, kama ilivyopaswa.

Kuna pia kile kituko cha mwaka 1982, ambacho nina hakika utakipenda. Ted DiBiase, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akamgeuka, na hatimaye Junkyard Dog akashindwa katika pambano ambalo aliyeshindwa ilimpasa kuhama. Haukupita muda akaja mtu amefunika uso kwa barakoa, akijiita Stagger Lee, mwenye mabega yale yale na mwendo ule ule, na ukumbi mzima ukashangilia kwa furaha ya watu wanaoshirikiana kuficha siri ambayo kila mmoja anaijua.

Mambo hayo yaliwezekana kwa sababu mashabiki walikuwa wale wale wiki baada ya wiki, na mwanamieleka aliyechuja kwao aliweza kuhamia kwa promota mwingine na kuanza upya. Televisheni ya kebo ilipoeneza kipindi kimoja nchi nzima, mlango huo ulifungwa. Junkyard Dog mwenyewe aliondoka mwaka 1984, Watts hakupata wa kuijaza nafasi yake, na mwaka 1987 akaiuza kampuni kwa promota mwenzake Jim Crockett.

Narudi kwa yule mtoto, maana ndiye anayeninyima usingizi. Ritter alifariki Juni 1998, kwa ajali ya gari huko Mississippi, akiwa njiani kurudi kutoka kwenye mahafali ya binti yake ya shule ya sekondari. Ndiye binti huyo huyo, Baba Rehema, wa 1980.

Basi nakuomba, mkae na huyo mzee wakati wa chakula, umwulize kwa heshima, usiingie na yale mashaka yako. Je, aliamini kwamba Junkyard Dog amepofuka, au aliamua tu kuamini? Nyumbani kwao walimzungumziaje, kama mwanamieleka au kama ndugu yao? Alipokwenda ukumbini, weupe na weusi walikaa pamoja na kumshangilia pamoja? Alijisikiaje alipomwona baadaye kwa McMahon, akicheza dansi? Na Superdome je, usiku ule wa Agosti, alikuwemo? Kama alikuwemo, nijulishe mara moja, hata kama huku kwetu ni usiku wa manane.

Ni mimi nduguyo,
Baba Nuru