Mazoea ya lami hayatoshi porini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niongeze jambo, na nipinge jingine, kuhusu makala mliyochapisha juu ya waendesha pikipiki wa lami wanaotaka kujaribu njia za vumbi na porini. Mwandishi wenu ameandika kwa ladha, sikatai. Lakini amemshauri msomaji kwamba aliyekwisha kuiva barabarani anahitaji tu pikipiki kubwa ya safari na matairi yenye meno, mengine yatajileta yenyewe. Hayajileti. Mimi nafundisha fizikia, naendesha pikipiki tangu ujana wangu, na mambo ya porini nimefundishwa ukubwani na kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Sehemu kubwa ya mafunzo yake ilikuwa kunivua mazoea.

Alianza na mkono wa kulia, ule unaoshika breki ya mbele. Kwenye lami ukishika breki ya mbele, uzito unahamia gurudumu la mbele, tairi linakandamizwa chini, na kadiri linavyokandamizwa ndivyo linavyozidi kushika. Ndiyo maana dereva wa lami huitegemea breki hiyo mpaka vidole vinakwenda vyenyewe. Sasa mpeleke kwenye changarawe. Vile vijiwe havijashikana na chochote chini yake. Gurudumu la mbele likifunga, yaani likiacha kuzunguka, linateleza juu yake, na gurudumu lililofunga haliongozeki. Pikipiki inalala kabla hujauliza kulikoni. La nyuma likifunga, mkia unayumba tu, nawe unapata nafasi ya kuachia. Wako wanaosema basi breki ya mbele isiguswe kabisa nje ya lami. Hao nao wamepitiliza, kwa sababu kwenye mteremko ya nyuma peke yake haitoshi. Inaminywa kwa kidole kimoja au viwili, taratibu, pikipiki ikiwa wima na usukani umenyooka.

Namna ya kujifunza haina siri. Tafuta uwanja tambarare wenye changarawe, gia ya pili, mwendo mdogo, ukanyage breki ya nyuma makusudi mpaka gurudumu liburuzike, kisha uachie. Rudia mpaka moyo uache kuruka. Ndipo uje kwenye ya mbele. Yule kijana alinikataza kutazama gurudumu, akaniambia nisikilize. Kweli, kabla tairi halijafunga mlio wake unabadilika: ile sauti ya kusaga inageuka kuwa ya kukwaruza, kavu, na hapo hapo vidole vinapaswa kulegea. Pikipiki nyingi za porini na za safari za siku hizi zina ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisifunge, na zinakuruhusu kuuzima kwenye gurudumu la nyuma. Uzime, la sivyo mafunzo haya hayafanyiki.

Kona nazo zimegeuzwa. Barabarani tumezoea kulala pamoja na pikipiki, au kuutoa mwili ndani ya kona zaidi ya pikipiki yenyewe. Kwenye udongo uliolegea unafanya kinyume: unaisukuma pikipiki ilale chini yako, mwili unabaki wima, na uzito unaukandamizia kwenye kikanyagio cha upande wa nje wa kona. Uzito huo ndio unaoyabana meno ya tairi ardhini. Mwili wangu ulikataa jambo hili kuliko mengine yote, ingawa ubaoni ningeweza kulichora kwa mishale na kulieleza bila kusita.

Kuendesha ukiwa umesimama juu ya vikanyagio ndiko kunakochekwa na watu, wakidhani ni mbwembwe. Ukikaa, kila jiwe linalopita chini linakupiga mgongoni, na mgongo unaupeleka mshtuko kwenye mikono, mikono kwenye usukani. Ukisimama, magoti yanakuwa springi, pikipiki inacheza inavyotaka katikati ya miguu yako, na mikono inabaki na kazi moja, kuongoza. Shikilia tangi kwa magoti, viwiko vitoke nje, macho yatazame mbali. Ukilitazama shimo utaliingia. Ila huwezi kusimama vizuri kwenye pikipiki iliyofungwa kwa ajili ya mtu anayekaa. Legeza vishikio vya breki na klachi, vielekeze chini kidogo, hadi kifundo cha mkono kisipindike ukiwa umesimama. Ukivikaza tena usivikaze kupita kiasi: pikipiki ikianguka, kishikio kizunguke badala ya kuvunjika. Toa pia raba juu ya vikanyagio, maana zikiloa tope buti linateleza. Kazi yote hiyo inahitaji spana na uvumilivu kidogo tu, na imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Sasa nije kwenye ushauri wa kununua kubwa, ambao ndio ulionisukuma kuandika. BMW R 1250 GS, moja ya hizo kubwa za safari, ina karibu kilo 250 ikiwa na mafuta. Honda CRF300L ina takriban kilo 140. Zote ni pikipiki halali, zina taa, vioo na namba, lakini anayejifunza ataanguka, na atakayeiinua ni yeye. Mimi ni mfupi na mwembamba. Ya kilo 140 naiinua peke yangu: naiweka kwenye gia isibingirike, ikiwa imelalia kulia natoa stendi kwanza, nazungusha usukani hadi mwisho, naipa mgongo, nachuchumaa, kisha nasukuma kwa miguu huku nikirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Ile ya kilo 250 watu wenye nguvu huiinua mara mbili tatu, kisha siku yao imekwisha, wamechoka, na aliyechoka ndiye anayeumia. Na asiambiwe mtu kwamba ndogo haifiki mbali. Mbio za kwanza za kutoka Paris hadi Dakar, zilizoanza Desemba 1978, mshindi wake alikuwa Cyril Neveu kwa Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja.

Wafupi wenzangu wataniuliza kuhusu kiti, kwani CRF300L hiyo hiyo kiti chake kiko kama sentimita 88 kutoka chini. Si lazima miguu yote miwili ifike. Sogeza tako moja pembeni, mguu wa kushoto ushuke, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma, na uchague pa kusimama kabla hujasimama. Kuishusha pikipiki mno kwa sababu ya urefu ni kuiondolea nafasi ya chini, ile ambayo umeilipia ili mawe yasigonge injini.

Kuhusu matairi mwandishi wenu alisema meno, akaishia hapo. Upepo una umuhimu sawa na meno. Upepo wa lami, wa psi thelathini hivi, unalifanya tairi kuwa gumu na kurukaruka juu ya mawe. Kwa anayeanza, mwenye tyubu ndani, psi 20 hivi panatosha. Tairi linalegea kidogo, linatandaza uso wake, linashika. Ukishuka chini sana, jiwe litalipiga tairi mpaka tyubu ibanwe kwenye rimu, utaikuta na matundu mawili sambamba kama alama za meno ya nyoka. Kwa hiyo beba pampu, viraka na vyuma vya kutolea tairi, na ujifunze kuvitumia nyumbani kwanza, si jua likizama. Kabla ya kurudi lami, rudisha upepo, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo mkubwa hupata joto na kuyumbisha pikipiki.

Mchangani kuna sheria moja ngumu kuitii: usiachie mafuta ghafla. Ukiachia, uzito unaenda mbele na gurudumu la mbele linajichimbia. Uzito nyuma kidogo, mafuta yasikatike, usukani uachwe utikisike. Maji nayo, usiyavuke kwa pikipiki kabla hujayavuka kwa miguu. Injini ikimeza maji na kuzima, usibonyeze stata hata kidogo. Maji hayashindiliki kama hewa, na fimbo ya pistoni itapinda. Fungua plagi kwanza, injini izungushwe maji yatoke.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni makala ya pili, iandikwe na mtu anayefundisha kazi hii, na ieleze mavazi, hasa buti ngumu za kufika chini ya goti, kwa maana pikipiki hupenda kuangukia mguu wa mwenyewe. Aliyekwisha kununua ile kubwa kwa kufuata ushauri wenu asiiuze kwa hasara. Aanze nayo uwanjani, gia ya kwanza, amesimama, azunguke duara pana kisha dogo, na mwenzake awepo wa kusaidiana kuinua. Vioo avifungue na kuvitoa kabla ya kuanza, maana ndivyo vitakavyotangulia kuvunjika.

Wako,
Mwalimu wa fizikia, msomaji wa kila Jumamosi