Fedha ya Mweka Hazina na Fedha ya Maabara: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Habari za fedha amekwisha kuzisoma mweka hazina, na karatasi yake mnayo mkononi. Mimi nimebakiwa na fedha ile nyingine, ya kufulia pete na vipini, ambayo mwaka huu imetuhangaisha kuliko michango. Vikao tumekaa kama tulivyopanga, isipokuwa Ramadhani. Wanaodaiwa ada wanajijua. Niruhusuni basi nikae kwenye ile chupa ya rangi ya kahawia.

Kwa waliojiunga juzi juzi: tunachemsha majani ya mwarobaini, tunachuja, tunaacha yapoe, kisha tunatia maji yake kidogo kidogo kwenye maji yenye nitreti ya fedha, yaani chumvi ya fedha inayoyeyuka majini. Mwanzoni chupa ina rangi ya maji ya limau. Ukikaa nayo unaiona inaiva: manjano, hudhurungi, mwisho kama kahawa iliyozidishiwa maji. Rangi hiyo si ya majani. Fedha iliyoyeyuka mle ndani, ambayo kila atomi yake imepungukiwa elektroni moja, inarudishiwa elektroni hiyo na viambato vya jani, yaani polifenoli, flavonoidi, tapenoidi na sukari. Ikisharudishiwa inakuwa fedha kamili na kujikusanya kuwa chembe za nanomita 1 hadi 100, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Fedha ikiwa ndogo kiasi hicho haing'ari tena kama pete. Inameza mwanga wa zambarau na bluu, wenye mawimbi ya nanomita 400 hadi 450 hivi, na macho yetu yanapata ile kahawia. Jani likishamaliza kuzizaa chembe, huzivika pia koti ili zisigandane.

Huu si uvumbuzi wetu, na naomba tuache kuuita hivyo kwenye arusi. Mwaka 2003 watafiti wa El Paso, Texas, walieleza chembe za fedha ndani ya miche ya alfalfa, jani la malisho ya mifugo. Mwaka 2004 wenzao wa Pune, India, wakachapisha kazi yao ya majani ya mwarobaini, mti ambao hata huku Tanga ni mgeni aliyetoka upande huo huo. Kilichowavuta ni kwamba maabara nyingi hutengeneza chembe hizi kwa vitu vikali kama sodiamu borohaidraidi. Jani linafanya kazi ile ile kwenye sufuria.

Sasa nije kwenye kosa langu. Siku moja maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvi, yalituishia, nami nikaamua kwamba maji ya bomba yakichemshwa yatafaa. Punje za nitreti zilipogusa maji tu, chupa ikawa tui, lile la kukamua mara ya pili. Kijana wetu wa maabara alinitazama, akanyamaza kwa heshima. Kuchemsha kunafukuza klorini, lakini chumvi haiendi popote, na kloridi ya chumvi hiyo iliyomo kwenye maji yetu ya pwani huikamata fedha na kuishusha chini kama unga mweupe. Tuliiacha chupa dirishani, na ilipofika alasiri ule weupe ulikuwa umegeuka zambarau iliyofifia kwa sababu ya mwanga. Hasara haikuwa kubwa. Lita 1 ya nguvu tunayotumia inakula gramu 0.17 tu za nitreti, kwa hiyo kopo la gramu 25 linatoa zaidi ya lita 140. Ila siku hiyo sikuvaa glavu, na wengi wenu mlinitania mliponiona nimepaka piko mkono mmoja bila arusi. Doa la nitreti halitoki kwa sabuni. Linasubiri ngozi ibadilike.

Tulipoijaribu kwenye sahani tulizooteshea bakteria, tuliona duara safi, pasipoota bakteria, kuzunguka kila kitundu tulichotia ile kahawia. Tulikuwa karibu kupiga vigelegele, kijana yule yule akauliza, "Mama, na nitreti peke yake tumeiweka?" Hatukuwa tumeiweka. Tuliporudia tukaiweka, kwa kipimo kile kile cha fedha, nayo ikatoa duara lake, ambalo kwa macho sikuweza kulitofautisha na letu. Kwa hiyo tulichothibitisha ni kwamba fedha inaua bakteria, jambo ambalo Karl Credé wa Leipzig alilitumia tangu 1880 alipoanza kuwadondoshea watoto wachanga nitreti machoni. Kama chembe zetu zinaizidi nitreti kwa lolote, hatujaonyesha. Nimewaomba vijana warudie, na safari hii maji ya mwarobaini matupu yawe na kitundu chake pia.

Hapa ndipo tulipogombana mwaka huu, na sitaki kulifunika. Baadhi yenu mnataka ile kahawia tuitie kwenye vichupa, tubandike nembo, tuuze. Hoja yenu naijua. Vimelea vinazidi kuwa sugu, na kwa mwaka 2019 pekee inakadiriwa kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria zisizosikia dawa. Fedha kweli ina nafasi yake, na dawa ya kupaka ya silva salfadiazini imetumika kwenye majeraha ya moto tangu miaka ya 1960. Lakini hata fedha huzoewa. Mwaka 1975 iliripotiwa Salmonella kutoka wodi ya majeraha ya moto huko Boston ambayo haikuiogopa nitreti ya fedha.

Na kuhusu wanaotaka ya kunywa, jibu langu ni hapana, na litabaki hapana nikiwa kwenye kiti hiki. Anayekunywa maji ya fedha kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu cha bluu, na rangi hiyo haioshwi. Marekani mwaka 1999 ilitamka kwamba dawa za dukani za maji ya fedha hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa zinatibu. Hapa kwetu kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hatuna hata karatasi moja ya kuwapelekea, na tukienda na chupa mbili zisizofanana watatuuliza ni ipi kati yake ndiyo dawa.

Maana hazifanani. Bibi yetu anayetibu kwa mitishamba aliniambia tangu mwanzo, "Mwanangu, mwarobaini wa masika ni maji matupu. Subiri jua liukaushe." Tulimsikiliza kwa adabu, tukaendelea na yetu. Baadaye majani ya kiangazi yakaigeuza chupa kahawia kabla hatujamaliza chai, na yale ya masika yalikuwa yametuweka hadi mchana. Nilimpigia bibi simu kumpa haki yake. Lakini siwezi kuapa kwamba ni msimu, kwa sababu majani ya mara ya kwanza yalitoka kwenye mti wa msikitini na ya mara ya pili nyuma ya soko, na hakuna aliyeandika. Udongo, umri wa jani na namna lilivyokaushwa, vyote vinabadilisha kilichomo.

Mabaki yasimwagwe mtaroni. Kinachoua bakteria kwenye sahani hakiwachagulii samaki wa bahari yetu ya Mwambani. Pipa lipo nje ya mlango wa maabara. Tia chumvi ya mezani, nitreti iliyobaki ishuke kama ule unga wangu mweupe, tuihifadhi.

Mwaka ujao tutatumia miti mitatu tu, na kila mmoja tumeufunga utambaa wa rangi yake. Watakaochuma waje asubuhi, wachukue majani yaliyokomaa, wasichanganye na machipukizi, wayakaushe kivulini na si juani. Yaletwe kwenye mfuko wa khaki, kwenye plastiki yanavunda. Juu ya mfuko andikeni rangi ya utambaa, tarehe, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Mfuko usio na maandishi nitaurudisha kwa mwenyewe, hata ukiwa wa bibi.

Mwenyekiti wenu