Barua ya Malalamiko: Seva Inayothibitisha Miamala Kabla Data Haijafika Diskini

Meneja wa Bidhaa,
Kitengo cha Seva za Hifadhidata.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHWA KWA MPANGILIO WA USALAMA WA MIAMALA BILA TAARIFA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa hifadhidata katika taasisi inayotumia seva yenu kutunza rekodi za malipo. Ninaandika kulalamikia mambo mawili yanayofungamana. Kwanza, toleo jipya mlilotualika wateja kulijaribu humjibu mtumiaji kwamba muamala wake umethibitishwa wakati data yake bado haijaandikwa diskini. Pili, nilipowaletea ripoti ya hitilafu hiyo, mliifunga kwa jibu la sentensi moja kwamba seva inafanya kazi kama ilivyokusudiwa.

Nililisimika toleo hilo kwenye mashine ya majaribio, nikarejesha nakala rudufu ya data yetu, kisha nikaendesha kazi zile zile ambazo watumiaji wetu huziendesha kila siku. Sehemu kubwa ilikwenda vizuri: ruhusa za watumiaji zilibaki kama zilivyokuwa, ripoti zilitoa majibu yale yale, na faharasa zilijengwa bila kasoro. Katika hayo sina lalamiko.

Kilichonitia shaka ni kasi. Diski ya mashine hiyo ni ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na akiba yake ya uandishi, yaani kumbukumbu ya muda inayopokea data kabla haijaandikwa kwenye sahani, tumeizima kwa makusudi. Programu moja inayotuma muamala, ikasubiri uthibitisho, kisha ikatuma mwingine, haiwezi kupita sana miamala 120 kwa sekunde kwenye diski ya namna hiyo, kwa sababu kila uthibitisho wa kweli hulazimika kusubiri sahani izunguke hadi mahali pa kuandikia. Toleo lenu jipya lilithibitisha maelfu. Hakuna ustadi wa kuandika programu unaoweza kuiharakisha sahani ya chuma. Maelezo pekee yaliyobaki ni kwamba seva haikuwa inaisubiri.

Nililipima jambo hilo kwa njia ambayo mhandisi wenu yeyote anaweza kuirudia. Kutoka mashine ya pili, programu ndogo iliingiza rekodi zenye namba za mfululizo na kuiandika pembeni kila namba ambayo seva ilikwisha kuithibitisha. Katikati ya kazi nilikata umeme wa seva. Ilipowaka tena, rekodi za mwisho zilizokuwa zimethibitishwa hazikuwamo. Nilirudia jaribio hilo hilo kwa toleo la zamani, kwenye mashine ile ile na diski ile ile, na kila namba iliyothibitishwa ilikuwapo. Nilipolirudisha toleo jipya, rekodi zilipotea tena. Hapo ndipo nilipolinganisha mafaili ya mipangilio mstari kwa mstari na kukuta kwamba mpangilio unaoiamuru seva isubiri diski kabla ya kuthibitisha, ambao kwa chaguo-msingi ulikuwa umewashwa, sasa umezimwa, na logi ya miamala, yaani faili ambamo seva huandika kila badiliko ili iweze kujirejesha ikizimika, inasukumwa diskini takriban mara moja kwa sekunde. Katika maelezo ya toleo, mabadiliko hayo yote yameandikwa kwa maneno haya tu: maboresho ya kasi ya uandishi.

Naomba mfikirie maana yake kwa mtu aliye nje ya chumba cha seva. Mteja amelipa, amepewa stakabadhi, ameondoka. Umeme unakatika, seva inawaka upya bila kuonyesha kosa lolote, na malipo yake hayamo. Seva ingelalamika, sisi wasimamizi tungejua pa kuanzia. Lakini inaanza kazi ikiwa imetulia kabisa, na upotevu unagundulika siku ambayo mteja anarudi na karatasi yake mkononi na kuambiwa hatambuliki. Isitoshe, seva ya pili inayopokea nakala inaweza kubaki na rekodi ambazo seva kuu imezipoteza, na tangu hapo mashine mbili zinazopaswa kufanana zinasema mambo tofauti.

Mwaka 1983 wataalamu wa kompyuta Theo Härder na Andreas Reuter walizipa sifa nne za muamala jina la ACID, kutokana na herufi za kwanza za majina yake ya Kiingereza, na ya nne ni udumifu: muamala ukishathibitishwa haupotei, hata mfumo ukizimika papo hapo. Sipingi kuwapo kwa mpangilio wa kulegeza sharti hilo. Kwa data inayoweza kukusanywa upya, kama vipimo vya vihisio, ni chaguo halali. Ninachopinga ni nyinyi kutuchagulia, kisha kutotuambia. Huko ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia.

Kwamba jambo hili linaweza kushughulikiwa kwa uwazi si nadharia. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, seva nyingine ya hifadhidata, waligundua kwamba, kwenye baadhi ya mifumo endeshi, diski ikishindwa kuandika, ombi la pili la kuandika linaweza kujibiwa kuwa limefanikiwa ilhali data imekwisha kupotea. Walilijadili hadharani, na mapema mwaka 2019 wakatoa marekebisho yanayoifanya seva isimame na kujirejesha kutoka kwenye logi badala ya kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Walikubali seva isimame kuliko itoe uthibitisho usio wa kweli.

Ipo pia kero ya kurudi nyuma. Toleo jipya, linapowashwa mara ya kwanza, hubadilisha muundo wa mafaili ya data bila kuuliza, na toleo la zamani haliwezi kuyasoma tena. Onyo la sentensi moja kabla ya hatua hiyo lingetosha.

Kwa hiyo naomba mpangilio huo urudishwe ulivyokuwa kabla toleo hili halijatangazwa kuwa tayari kwa matumizi, mabadiliko yake yaelezwe wazi mwanzoni mwa maelezo ya toleo ili waliokwisha kulisimika wakague mashine zao leo, na ripoti yangu ifunguliwe upya na kushughulikiwa na mhandisi aliyelirudia jaribio lenyewe. Nimeambatisha programu ya majaribio, mafaili yote mawili ya mipangilio, na orodha ya namba zilizothibitishwa kisha zikakosekana.

Nimekwisha kuishauri taasisi yangu kwa maandishi kwamba tusihamie toleo hili, na ushauri huo utabaki hadi nitakapopata jibu lenu la maandishi.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Hifadhidata