Nafasi ya 17 haisimulii msimu wote wa Tottenham

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja iliyorudiwa sana na waandishi wa michezo pamoja na wasomaji wenzangu, kwamba Tottenham Hotspur ya msimu wa 2024/25 ilikuwa timu mbovu iliyookota kombe la Ligi ya Europa, mashindano ya pili kwa hadhi ya klabu za Ulaya, kwa bahati. Wanaosema hivyo hutaja nafasi ya 17 kati ya timu 20 katika Ligi Kuu ya Uingereza, pointi 38 na vichapo 22, kisha hufunga mjadala. Takwimu hizo ni za kweli, na mimi kama shabiki ziliniuma wiki baada ya wiki, lakini zinachanganya vipindi viwili visivyofanana.

Kipindi cha kwanza kiliishia Januari, na hapo simtetei kocha Ange Postecoglou. Mfumo wake uliwataka mabeki wasimame mbali na lango lao, jambo linalowezekana tu ukiwa na watu wa kasi kama Micky van de Ven. Yeye na Cristian Romero waliumia, naye kipa Guglielmo Vicario akavunjika kifundo cha mguu katika mechi ileile ya Novemba ambayo Manchester City ilifungwa 4-0 nyumbani kwake. Archie Gray, kiungo wa miaka 18, akalazimika kucheza beki wa kati, lakini mfumo haukuguswa. Mwezi Desemba Liverpool iliwafunga mabao sita katika uwanja wao wenyewe, na walipopoteza kwa Leicester tarehe 26 Januari walikuwa wamefungwa mechi 13 kati ya 23. Majeruhi walikuwa wengi mno, nakubali, lakini ukaidi nao ulichangia.

Kipindi cha pili ndicho kinachopuuzwa. Ushindi mara tatu mfululizo mwezi Februari, dhidi ya Brentford, Manchester United na Ipswich, uliondoa hofu ya kushuka daraja, na kuanzia hapo macho yakaelekezwa Ulaya. Baada ya kuifunga Southampton tarehe 6 Aprili, Tottenham ilicheza mechi saba za ligi, mara nyingi wachezaji muhimu wakipumzishwa, ikapata pointi moja tu na kuruhusu mabao 20. Katika majuma hayohayo ilicheza mechi tano za Ligi ya Europa dhidi ya Eintracht Frankfurt, Bodø/Glimt na Manchester United, ikashinda nne, ikatoka sare moja na kuruhusu mabao mawili. Tofauti kubwa kiasi hicho, kwa klabu moja na kocha mmoja, haiwezi kuitwa bahati.

Fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Manchester United, iliyochezwa Bilbao, Hispania, tarehe 21 Mei 2025, ilionyesha wazi kilichobadilika. Brennan Johnson alifunga kabla ya mapumziko, na baada ya hapo timu iliyokataa kurudi nyuma mwezi Desemba ilirudi nyuma, ikawaachia wapinzani mpira na kulinda eneo lake la hatari, hadi Van de Ven akaruka na kuuokoa mpira wa kichwa wa Rasmus Højlund uliokuwa ukivuka mstari. Halikuwa soka la kupendeza, lakini lilikuwa soka la kocha aliyejifunza. Klabu ikapata kombe la kwanza tangu 2008, na nahodha Son Heung-min, aliyelisubiri kwa miaka kumi, akaliinua.

Siku 16 baadaye uongozi ulimfukuza kocha huyo, ukieleza kwamba timu ilikuwa imevuna pointi 78 katika mechi 66 za mwisho za ligi. Hesabu hiyo imeanza kuhesabiwa baada ya mechi kumi za kwanza za msimu wa 2023/24, zilizoleta pointi 26, na imejumuisha sita kati ya zile mechi saba, ambazo klabu ilizitoa kafara ili ishinde Bilbao. Uongozi una haki ya kubadili kocha. Ninachopinga ni kumhukumu kwa makosa ya Desemba baada ya kuyasahihisha mwezi Mei, huku klabu ikiingia Ligi ya Mabingwa kwa tiketi iliyoletwa na marekebisho hayohayo.

Ningeomba wachambuzi wa gazeti lako, watakapoutaja tena msimu ule, waweke matokeo ya Aprili na Mei ya ligi na ya Ulaya kando kwa kando, badala ya kutuchapia msimamo wa mwisho peke yake.

Wako,
Msomaji wa kurasa za michezo